Kabla Hujafunika Turubai

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza biashara na debe moja la ndengu nililopewa na shangazi yangu, na leo ukishuka Mwingi ukauliza mwenye stoo tatu za nafaka kwenye barabara ya Garissa, hata mgeni aliyefika jana atakuonyesha kwa kidole. Nimewahi kuletewa gunia lenye ndengu juu, ndengu chini na mawe katikati, nikalijua kwa kulipiga teke moja tu. Nimeona lori langu limelala ubavu, na watu wazima wakiokota kunde zangu kwa kofia huku wakinipa pole. Kwa hiyo mtu akinijia mbio akisema, "Bosi, njoo uone maajabu," mimi humwambia aketi kwanza amalize chai.

Ninasema haya mapema ili ujue anayekuandikia habari ya paka si mtu wa kushangaa ovyo.

Paka wangu wa kwanza sikumtafuta. Alikuja mwenyewe mwaka ule nilipofungua stoo ya kwanza, akiwa mweusi mwili mzima isipokuwa shingo nyeupe kama kola ya mhubiri. Alilala juu ya magunia, akaamka, akaua panya, akalala tena. Jina sikumpa. Nilimwita "Wewe," naye aliitika. Kila asubuhi, kabla ya wakulima kufika, alipanda mizani, na mimi nilimpima. Kilo nne na nusu. Mwaka wa njaa, kilo nne. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walinichokoza: "Bosi, huyo ni bei gani kwa kilo?" Na mimi nikawajibu, "Huyu hauzwi, uliza ndengu." Tulikaa hivyo miaka kumi na mmoja. Kuna watu niliofanya nao kazi mwaka mmoja tu nikawachoka.

Sasa nikueleze alivyokufa, maana bila hilo hutaelewa mengine.

Ndengu zikikaa stoo huingia wadudu, na wadudu hawa hawajui ulitoka jasho kiasi gani. Dawa yake ni vidonge. Unapanga magunia yako vizuri, unaweka vidonge kwenye visahani katikati na pembeni, unafunika rundo lote kwa turubai kubwa, kisha unazungusha mifuko mirefu ya mchanga kwenye ukingo ili hewa isitoke. Vidonge vinatoa hewa ya sumu, na kila chenye pumzi ndani ya turubai kinakufa. Siku saba hakuna mtu wa kufunua. Kazi hii nimekuwa nikiifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu siamini mkono wa mtu mwingine, na nimekuwa nikijisifu kwamba hakuna stoo Kitui nzima inayofunikwa vizuri kama yangu.

Siku hiyo nilifunika jioni. Asubuhi paka hakupanda mizani. Mke wangu, ambaye ndiye aliyempa maziwa miaka yote, akaenda sokoni kumwulizia, na picha yake kwenye simu. Siku ya pili akaenda mpaka upande wa mbuzi na ng'ombe. Siku ya tatu akawaambia akina mama wa kanisa, nao wakaulizia. Siku ya saba nilifungua milango, nikaacha stoo ipumue, kisha nikavuta turubai.

Alikuwa juu kabisa, safu ya mwisho, pale karibu na bati ambapo joto la mchana hubaki. Alikuwa amejikunja kama anavyolala siku zote.

Nilimzika mwenyewe nyuma ya stoo kabla wapakiaji hawajafika. Nikarudi nyumbani, maana nyumba yetu iko ploti hiyo hiyo, nikamwambia mke wangu, "Mama yao, acha kuhangaika. Paka akizeeka huondoka akafie mbali. Ndivyo walivyo." Jioni hiyo akaweka sahani ya maziwa mlangoni kama kawaida. Asubuhi ilikuwa tupu.

"Amepita hapa," akasema. Alikuwa na furaha.

Wanaokunywa maziwa ya sahani mlangoni Mwingi ni wengi. Sahani ile ilikaa pale mlangoni majuma sita, na kila asubuhi nilipoiruka kwenda kazini nilijifanya sijaiona.

Panya nao walikuwa wamepata habari. Jirani yangu, mfanyabiashara wa nguo aliyetoka kaskazini mashariki, ana paka wengi kuliko wateja. Alinipa mtoto wa paka. Siku mbili tu, akarudi dukani kwa jirani. Akanipa mwingine. Huyu hakufika hata jioni. Nilimbeba mwenyewe mpaka mlango wa stoo, akanusa hewa, akanikwaruza kifuani, akaruka.

"Jirani," yule mfanyabiashara akaniambia, huku akicheka, "hawa watoto wangu unawaambia nini?"

"Siwaambii kitu. Paka wako wamezoea kulala kwenye hariri."

"Basi kuna kitu wanachokijua kwenye stoo yako ambacho mimi sijui."

Alisema kwa mzaha. Lakini neno hilo liliniingia, na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wa kuuliza maswali, mimi ambaye nilidhani najua kila kitu. Je, paka hunusa kifo cha mwenzake? Kinakaa kwa muda gani? Kiko kwenye turubai, au kwenye sakafu, au kwangu? Nilifua lile turubai kwa sabuni, mimi mwenyewe, na watu wakidhani nimekuwa bahili mpaka kazi ya kufua nafanya. Usiku nilimwuliza mke wangu kama mikono yangu ina harufu. Akanusa, akasema inanuka ndengu, kama tangu siku aliyonijua.

Ni yeye aliyesikia kanisani kwamba kuna mama mmoja Makindu, muuguzi aliyestaafu, anayeokota paka waliotupwa kando ya barabara ya Mombasa. Watu wanasafiri, paka anawasumbua garini, wanasimama kununua machungwa, wanamwacha. Mama huyo anawaweka, anawatibu, na anawapa watu wenye nyumba.

"Ni paka wakubwa," mke wangu akasema. "Si watoto. Panya wako hawatawatisha."

"Tutaenda," nikasema. Moyoni nilisema: paka mkubwa atakaa, na paka akikaa, sahani ile itapata mwenyewe, na habari itaisha.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kwa pikapu yangu, ambayo nilinunua mpya, si ya mtumba. Tulipita Kitui, tukashika ile barabara ya Mutomo ambayo siku hizi ni lami hadi Kibwezi. Nyuma nilibeba gunia jipya safi na kamba. Mama yangu mzazi alinifundisha hivi tangu nikiwa mdogo: paka anayehama husafiri ndani ya gunia, asione njia, la sivyo atarudi alikotoka. Ukifika naye unamzungusha mara tatu, ndipo unamfungulia jikoni. Hivyo ndivyo paka wote wa kwetu walivyohama. Mfukoni nilikuwa na noti za kutosha kununua hata mbuzi watatu, maana sikujua bei, na mimi siendi sokoni kuaibika.

Kule Makindu tulifika mchana. Tulikula kwanza kwenye lile hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri yeyote anakaribishwa chakula bila kuulizwa kitu. Nilikula dengu zao nikazichunguza, ni nzuri, na nilipomaliza nikatafuta wa kumlipa. Mzee mmoja mwenye kilemba akanionyesha tu mahali pa kuoshea mikono. Nilitoka hapo na pesa zangu zote mfukoni, nikijisikia kama nimesahau kitu.

Boma la yule mama lilikuwa nyuma ya miti ya mwarobaini, na waya wa kuku umezungushwa vizuri kuliko mabanda mengi ya kuku niliyoona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa leso kiunoni na miwani puani, akimtia paka mmoja dawa ya macho. Tukamsalimia kwa Kikamba. Akacheka kabla ya kuitikia.

"Nyinyi ni wa Kitui. Hamfichiki. Mnaongea kama mnaita mtu ng'ambo ya mto."

"Na nyinyi wa Makueni mnaongea kama mmemficha mtu chini ya kitanda," nikamjibu. Akapenda hiyo. Nikaona biashara imeanza vizuri.

Paka walikuwa kama ishirini. Sasa mimi ni mtu wa Mwingi, na Mwingi ndiko kwenye soko la mifugo. Siwezi kumchukua mnyama bila kumkagua. Nikaingia ndani ya waya, nikamshika mmoja mwenye milia ya kijivu, sikio moja limeraruka, nikampapasa mbavu, nikampima uzito kwa mkono, halafu nikamfunua mdomo nione meno.

Hata sikumwona akinyoosha mkono. Nilichoona ni damu, mistari minne kuanzia kidole gumba mpaka kwenye saa.

"Asi!" nikapiga kelele.

Yule mama alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Baba, hapa si kwa mbuzi. Kwani ulitaka kumchinja?" Akaja na pamba na dawa, akanifunga mkono kwa haraka, vile wauguzi hufanya huku wakiwaza mambo mengine. Kisha akatoa daftari, akaketi, akanitazama.

"Haya. Umewahi kufuga paka?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufaje?"

Nikamwambia, "Mama, mimi nina stoo tatu. Paka kwangu hakosi panya, hakosi maziwa. Nina ploti mbili Mwingi na shamba Mbooni la maembe na parachichi, lina maji ya mwaka mzima. Ukitaka uliza mtu yeyote..."

"Sijakuuliza una nini," akasema, polepole, kama anayeongea na mgonjwa asiyesikia vizuri. "Nimeuliza yule alikufaje."

"Uzee."

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Sikumtazama.

"Ulimwona akifa?"

"Paka akizeeka huenda kufia mbali."

"Wengine. Huyu wako ulimwona?"

Nimeulizwa maswali na askari wa barabarani, na maafisa wa kodi, na mashemeji. Najua kujibu. Lakini huyu mama hakuwa ananitafutia makosa. Alikuwa ameshika kalamu akitaka kujua kwa kweli, vile mtu hutaka kujua maumivu yako wapi ili ajue dawa. Na mimi, wakati huo huo, niligundua kwamba nimekuwa nikitamani mtu aniulize. Hilo sikulijua juu yangu. Miaka hamsini na miwili nimeishi na mtu huyu anayeitwa mimi, na kumbe kuna vyumba sijaingia.

"Nilimfunika," nikasema. "Na vidonge. Alikuwa amelala juu ya ndengu na mimi sikuangalia. Nilifunika turubai, nikaweka mchanga, nikaenda kula. Siku saba."

Paka mmoja alikuwa anajikuna kwenye waya, na waya ulikuwa unalia.

"Siku saba," mke wangu akarudia. "Mimi nikiwa sokoni na simu."

"Sikujua bado. Nilijua ya saba."

"Na baada ya ya saba?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo maziwa yale nilikuwa nawekea nani?"

Mke wangu akaenda akasimama penye mwarobaini, akatupa mgongo. Niliona mabega yake. Yule mama mwenye daftari hakuandika. Alifunga kalamu yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache kwanza," kisha akaendelea na yule paka wa macho kana kwamba mimi sipo. Nilibaki nimesimama katikati ya paka ishirini na mkono uliofungwa. Sijui dakika ngapi. Nilizoea kuwa mtu ambaye wengine wanamngojea.

Mke wangu aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti imekauka. Alimwonyesha yule mama paka mmoja kwa kidole. "Tutachukua huyo wa milia."

"Aliyenipasua?" nikauliza.

"Huyo huyo. Nataka mmoja hapo nyumbani anayeweza kukukatalia."

Yule mama alikuwa na sharti moja, na aliniangalia mimi alipolisema. "Siku ya dawa, kabla hujafunika turubai, umshike huyu paka kwa mikono yako miwili. Si kuambiwa yuko nje. Si kumsikia. Umshike. Usipomshika, hufuniki."

"Nimekubali."

"Sema."

"Nisipomshika, sifuniki." Nilisema kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti. Akazitazama kama nimempa majani.

"Siwauzi."

"Basi ya maziwa ya hao wengine."

"Ya maziwa leta siku nyingine, ukija kuwatembelea. Leo ukinipa utafikiri umemlipia."

Nikaenda kwenye pikapu, nikarudi na gunia langu jipya. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Gunia? Mtu aliyesema maneno uliyoniambia sasa hivi, anamtia paka ndani ya gunia, giza?"

Nikaona aibu mpaka masikioni, kwa maana sikuwa nimelifikiria hivyo. Nikamweleza mafundisho ya mama yangu, njia isionekane. Akaingia nyumbani akatoka na sanduku la mbao lenye waya upande mmoja.

"Mwache aone njia yote. Akirudi kwangu kutoka Mwingi, atakuwa na sababu yake, na mimi nitataka kuisikia. Sanduku langu utanirudishia."

Tukaondoka. Sanduku lilikaa kati yetu, upande wa waya umeelekea mbele. Na huyo paka hakulala hata kidogo. Aliangalia barabara. Aliangalia lori za Mombasa, aliangalia mbuzi waliokuwa wakivuka, aliangalia jua likishuka tulipokuwa tukipita Mutomo. Nilikuwa nimebeba mizigo kwenye njia hizi miaka ishirini na sikumbuki kuangalia kitu ila mashimo. Nikaanza kuangalia anachoangalia. Kuna kilima kimoja baada ya Ikutha ambacho sikuwahi kujua kipo.

Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika mjini Kitui. Pale akasema, "Ulimzika wapi?"

"Nyuma ya stoo. Chini ya ule mti wa mpera."

"Kwa nini hukuniita?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Mimi nakujua tangu hujakuwa na hata baiskeli." Halafu baada ya kilomita kadhaa: "Kesho utanionyesha." Nilimwonyesha, na sahani ya maziwa iliondoka mlangoni siku hiyo, ikaenda stoo.

Siku za kwanza paka mpya alijificha nyuma ya mizani. Hakula nikimwona. Nilikuwa naweka nyama, nakwenda ofisini, nachungulia kwa ufa wa mlango, mimi mwenye stoo tatu, nimeinama kama mwizi nyumbani kwangu, ili nimwone mnyama wa kilo tatu akitafuna. Wateja walinipata hivyo mara mbili. Siku ya tano alitoka akazunguka stoo nzima kwa ukuta, polepole, akinusa kila kona. Nilimfuata kwa macho. Alipofika penye rundo la ndengu, alisimama. Alinusa gunia la chini muda mrefu sana. Kisha akapita. Tangu siku hiyo sijamwona juu ya magunia, hata mara moja. Analala kwenye mizani, analala kwenye kiti changu, lakini magunia anayazunguka. Nimemwuliza jirani wa nguo maana yake, akasema paka ana mambo yake na Mungu wake. Nimempigia simu yule mama wa Makindu, akasema, "Labda anapenda mizani." Najua kila mmoja wao ananijibu kadiri anavyonionea huruma. Mimi bado nauliza.

Siku ya dawa ilifika. Rundo lilikuwa la magunia mia mbili na sitini, safi, limepangwa kama ukuta wa kanisa. Wapakiaji wangu sita walikuwa wameshamaliza. Nikafungua mkebe wa vidonge, nikaviweka kwenye visahani, turubai tukalivuta mpaka nusu. Kisha nikasimama.

"Paka yuko wapi?"

"Ametoka nje, Bosi," kiongozi wa wapakiaji akasema. "Nimemwona asubuhi kwa jirani."

"Nimeuliza yuko wapi sasa."

Tukamwita. Tukagonga sahani. Nikatuma mtu kwa jirani, hayuko. Mke wangu akaja, akaangalia nyumba nzima, hayuko. Nilitoa visahani nikavipeleka mbali nje, vidonge vikiwa vimeshaonja hewa, na mkebe uliofunguliwa hivyo ni wa kutupa. Nikarudi nikasema, "Shusheni."

"Tushushe nini?"

"Rundo."

"Lote?"

"Lote. Gunia kwa gunia. Na ukifika juu, angalia kabla ya kushika."

Kiongozi akashika kiuno. "Mzee, huyu paka hapandi magunia. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia. Kwa nini tusifunike tu? Paka si mjinga, atatoka."

Wapakiaji wote wamenifanyia kazi miaka mingi. Wote nilikuwa nimewaambia kwamba yule mweusi alikufa kwa uzee, na mmoja wao aliniletea hata soda ya pole. Nikawaambia, pale pale, mbele ya mke wangu na mkulima mmoja aliyekuja na punda: "Yule mwenye kola hakufa kwa uzee. Nilimfunika humu kwa mkono wangu. Shusheni."

Hakuna aliyecheka. Aliyenipa soda akavua shati, akapanda wa kwanza.

Walishusha kwa saa mbili na nusu. Kila gunia lilipotoka juu, nilikuwa nachungulia pengo lililobaki. Mia moja. Mia moja hamsini. Vumbi likajaa mpaka mlango hauonekani. Nikaanza kufikiri njia ya Makindu, kama kweli aliiona yote na anaikumbuka, kama sasa hivi yuko Mutomo anatembea kando ya lami na sikio lake lililoraruka, na sababu yake ya kurudi. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini yule mama. Gunia la mwisho likashuka. Chini kulikuwa na mbao na panya wawili waliokufa zamani.

Hapo punda wa yule mkulima akalia nje kwa nguvu, sote tukashtuka, na kiongozi wa wapakiaji akainua macho juu.

"Bosi," akasema. "Usikasirike."

Kwenye boriti, chini ya bati, palipofichwa na giza na vumbi, macho mawili yalikuwa yanatuangalia. Alikuwa amelala kifudifudi, mikono imening'inia huku na huku, ametulia kabisa. Alikuwa hapo tangu gunia la kwanza. Alituangalia vile alivyoangalia barabara kutoka Makindu, kitu kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka mwisho.

Wapakiaji walianguka kwa kicheko. Mmoja aliketi chini akashika mbavu. Mke wangu alicheka mpaka akafunika uso kwa leso, na nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu yule mweusi apotee. Mimi nilisubiri hasira yangu ije, maana naijua, huwa haichelewi. Haikuja. Nikabaki namtazama paka, naye ananitazama, nikitaka sana kujua alikuwa akifikiri nini kutuhusu.

Nikaleta ngazi, nikapanda mwenyewe. Alinikwaruza tena, mkono ule mwingine. Nikamshika kwa mikono miwili, nikashuka naye, nikampa mke wangu, akampeleka nyumbani na kufunga mlango. Ndipo nikawaambia wapakiaji wapandishe magunia yote upya, na nikafungua mkebe mpya, nikafunika.

Jioni nikampigia yule mama kumwambia sanduku lake liko njiani, nimelipakia kwenye basi. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Basi huyo sasa ni wako."

Watu wa Mwingi bado wananiuliza nilimnunua kwa bei gani, kwa sababu wanajua mimi sipendi kitu cha bure na sipunjwi. Nawaambia hauzwi. Lakini ukihesabu kushusha magunia na kupandisha, mkebe wa dawa ulioharibika, chai na chapati za wapakiaji, na nauli ya sanduku hadi Makindu, amenigharimu shilingi elfu kumi na mbili, mia tisa na sabini.